Mcheza Kriketi Aliyezikwa Ibambi: Maisha ya C. T. Studd

Wiki hii katika ukurasa wa watumishi tunamsoma Charles Thomas Studd, ambaye wahubiri wengi humwita C. T. Studd tu. Wengi wenu mmeshasikia ile habari ya kugawa urithi wake wote. Lakini kuna upande wa maisha yake ambao hausemwi sana madhabahuni, nao ni habari ya michezo na starehe. Huyu alikuwa nyota wa kriketi wa Uingereza, akaacha. Ndugu zake wa tumbo moja waliookoka siku moja naye wakachukua njia zingine. Kwa kuwa hapa kwetu Kiogoro maneno juu ya mpira, muziki na vijana hayaishi, nimeona niisimulie habari yenyewe hata pale penye ugumu.

Tuanze na baba. Edward Studd alikuwa tajiri aliyepata mali yake India, kwenye mashamba ya ile mimea ya kutoa rangi ya nili. Akarudi Uingereza kula matunda ya jasho lake. Kitu alichokipenda ni farasi wa mashindano. Mwaka 1866 farasi wake aitwaye Salamander alishinda Grand National, mbio ambazo hata leo zinasimamisha Uingereza nzima. Charles alikuwa mtoto wa miaka mitano wakati huo. Kwa hivyo nyumbani kwao mazungumzo ya mezani yalikuwa farasi, mawindo na michezo. Jumapili walikwenda kanisani kama desturi, basi.

Mwaka 1875 mhubiri Mmarekani D. L. Moody alikuwa na mikutano London. Rafiki wa Mzee Studd, mwenzake wa mbio za farasi, alikuwa ameguswa na Neno, akamvuta mzee naye aende asikie. Mzee akaokoka. Na alipookoka hakuzungukazunguka. Alijitoa katika mashindano, akawaachia wanawe wakubwa farasi mmoja mmoja, waliobaki akauza. Kisha ule ukumbi mkubwa wa nyumba yake huko Tedworth akautoa vyombo, akaujaza viti, akaanza kualika majirani waje kusikia injili. Aliishi miaka miwili hivi tu baada ya hapo, akalala.

Kwa nini aliacha farasi kabisa? Farasi mwenyewe ni kiumbe cha Mungu. Ni kwamba mbio hizo na kamari zilikuwa kama chanda na pete, na mzee alijijua. Sisi tulio na vijana wanaobeti kwa simu usiku kucha hatuhitaji kuelezwa zaidi. Unakuta mtu amelipwa pesa ya majani chai asubuhi, jioni hana ya unga.

Wavulana wake hawakufurahia mambo haya mapya. Walikuwa watatu wakubwa, Kynaston, George na Charles, wote wakisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Baba aliyeokoka alikuwa anawauliza habari za roho zao, nao wanakimbia. Likizo moja akaja mhubiri mgeni nyumbani. Wakamcheka, lakini siku moja, kila mmoja kwa wakati wake na bila kujua habari za wenzake, wote watatu wakampa Yesu maisha yao. Charles hakusahau siku hiyo. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu.

Alinyamaza. Kwa muda wa miaka sita hivi alikuwa mtu aliyeokoka ambaye hamwambii mtu. Hakulewa wala hakuingia uzinzi. Alicheza kriketi.

Kwa wale ambao hawaujui mchezo huu, ni ule wa kigongo na mpira mgumu ambao Wakenya wengi tuliufuata mara moja tu, mwaka 2003, timu yetu ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Uingereza ya siku za Studd mchezaji hodari wa kriketi alijulikana kama wanavyojulikana wachezaji wa mpira leo. Charles aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko ndugu hawa watatu waliongoza timu ya chuo kwa kufuatana, George mwaka 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Mwaka 1882 Waaustralia walipokuja Uingereza Charles aliwapiga alama zaidi ya 100 mara mbili katika mechi tofauti. Kufanya hivyo hata mara moja ni kama mchezaji wa mpira kufunga mabao matatu mechi moja.

Mwezi wa Agosti mwaka huo akachaguliwa timu ya taifa, kucheza na Australia kwenye uwanja wa Oval, London. Uingereza ilihitaji alama 85 tu kushinda, ikatolewa yote kwa 77. Studd alirudishwa nyuma katika mpangilio wa wapigaji, akaingia karibu na mwisho, na mechi ikaisha kabla hajapata hata mpira mmoja wa kupiga. Taifa liliumia. Magazeti yakafanya mzaha kwamba kriketi ya Uingereza imekufa na majivu yake yanapelekwa Australia. Timu ikafunga safari kwenda kuyarudisha, Studd akiwemo, wakashinda, na nahodha wao akapewa kijungu kidogo cha udongo kama kumbukumbu. Mpaka leo nchi hizo mbili zinapigania majivu hayo, na jina la Studd limo katika maandishi yaliyobandikwa kwenye kijungu hicho.

Hapa nataka tusimame kidogo. Wakristo wa uamsho wa Uingereza karne ile walikuwa na orodha yao. Kucheza karata, kwenda kwenye maigizo, dansi, mbio za farasi, nyingi katika nyumba za waliookoka zilikatazwa. Hata kusoma hadithi za kubuni wengine walikuona ni kupoteza wakati wa Bwana. Wazee wetu wa Kisii nao walipookoka walipewa orodha: pombe, tumbaku, ngoma, na wengi wakaacha hata obokano, kile chombo chetu cha nyuzi nane, kwa sababu kilipigwa pale palipokuwa na pombe. Sisemi orodha hizo zilikuwa mbaya. Chang'aa imeua watu katika vijiji hivi, na aliyeiacha aliponya nyumba yake. Lakini kriketi haikuwa kwenye orodha ya kina Studd. Ilionekana mchezo safi, wa hewa nzuri, wa kujenga mwili na nidhamu, hata wachungaji walicheza. Kwa hivyo hakuna mshirika angeweza kumwendea Charles amwonye. Orodha ilimpita pembeni, na mchezo safi ukakaa moyoni mwake mahali pa Mungu kwa miaka sita.

Aliyemwamsha alikuwa ndugu yake. George aliugua sana, karibu na kufa, na Charles akawa anakesha kando ya kitanda chake. Usiku huo wa kuuguza akajiuliza sifa zote hizi za uwanjani zingemsaidia nini ndugu yake sasa. George akapona. Charles akaenda kumsikia Moody, akajitoa upya, na mara akawa anawaleta wachezaji wenzake wa timu ya taifa kwenye mikutano. Baadhi wakaokoka. Kisha akasema anakwenda China. Mama yake alilia, kwa maana alikuwa mjane tayari, na watu wa familia wakamwomba asimwache mama. Alisumbuka kwa siku kadhaa, lakini akaenda.

Waliondoka wanaume saba Februari 1885, wote wasomi au maofisa wa jeshi, mmoja wao, Stanley Smith, nyota wa mashindano ya kupiga makasia. Wakaitwa Saba wa Cambridge. Kabla ya kusafiri walizunguka vyuo, na kumbi zilijaa wanafunzi waliotaka kwanza kumwona mcheza kriketi. Huko China walivaa nguo za Kichina na kusuka nywele kama wanaume wa huko. Kwa Waingereza wengi jambo hilo lilikuwa aibu.

Habari ya urithi mnaijua, nitaipitia haraka. Alipofika umri wa kupewa fungu lake la mali ya baba, akiwa China, lilikuwa pauni 29,000 hivi, mali kubwa kabisa siku zile. Alikuwa amesoma habari ya yule kijana tajiri katika Injili, akaichukua jinsi ilivyo. Januari 1887 akatuma hundi kwa kazi ya Moody, kwa George Müller wa yatima, kwa Jeshi la Wokovu India, na wengine. Baadaye zikabaki pauni 3,400, akampa mchumba wake Priscilla Stewart kabla ya arusi. Priscilla naye hakukubali kuanza ndoa na akiba, wakazigawa pia. Wakaoana mwaka 1888 bila kitu. Kazi yao moja huko ilikuwa nyumba ya kuwapokea waraibu wa afyuni. Mungu aliwapa mabinti wanne. Mwaka 1894 wakarudi Uingereza afya zikiwa zimeharibika, na kuanzia 1900 hadi 1906 alikuwa mchungaji wa kanisa huko Ootacamund, milimani kusini mwa India.

India ikawa na jambo la ajabu, kwa maana alishika kigongo tena. Alicheza na maofisa na askari wa Kiingereza, na alikuwa bado hodari, kisha baada ya mechi anawahubiria. Kwa hivyo yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mchezo kuwa unajisi. Ila ulikuwa umeshuka cheo, sasa ulikuwa chombo tu mkononi mwake kama jembe.

Sasa ndugu zake. Kynaston alibaki London. Mwaka uleule Charles alipokwenda China, yeye aliingia kufanya kazi na Quintin Hogg katika shule ya Polytechnic, mtaa wa Regent Street. Hogg alikuwa Mkristo wa kiinjili aliyeona vijana wa kazi wakitoka madukani na viwandani jioni wanaishia kwenye baa. Akawafungulia masomo ya jioni, darasa la Biblia, na pamoja na hayo ukumbi wa mazoezi, bwawa la kuogelea, klabu za riadha na mpira. Hogg alipokufa 1903 Kynaston akawa mkuu wa mahali pale. Klabu yao ya riadha ndiyo iliyopanga mbio za marathoni za Olimpiki za London mwaka 1908. Kynaston akawa Meya Mkuu wa London mwaka 1928, na 1930 akawa rais wa klabu kuu ya kriketi duniani, MCC. Na muda huo wote hakuona haya kuitwa mtu wa Yesu. Ndiye aliyemwalika Moody kuhubiri Cambridge mwaka 1882, wanafunzi walipomzomea siku ya kwanza.

George, yule aliyeugua, alihamia Los Angeles, Marekani. Uamsho ulipowaka Azusa Street mwaka 1906 chini ya Mzee William Seymour, George Studd alikuwa miongoni mwa waliouingia na kukaa, akatumika katika makanisa ya Kipentekoste ya mji ule maisha yake yote. Nafikiri wengi wetu hatukujua kwamba nahodha wa kriketi wa Cambridge alikuwa pale mwanzo wa ukoo wetu wa kiroho.

Haya, turudi kwa Charles. Mwaka 1908 akiwa Liverpool aliona tangazo la mkutano juu ya Afrika ya kati, ambako Injili haikuwa imefika. Alikuwa karibu miaka 50, ana pumu, malaria na maumivu mengine mengi. Daktari akamkataza. Wafanyabiashara waliokuwa wameahidi kumlipia wakajitoa kwa sababu ya ushauri wa daktari. Mke wake alikuwa mgonjwa wa moyo. Akaenda. Mwaka 1913 akapitia Kenya na Uganda pamoja na kijana mmoja tu, Alfred Buxton, wakielekea Kongo. Siku hizo reli iliishia Kisumu, na watu walivuka ziwa kwa meli. Ni miaka hiyohiyo misheni za kwanza zilikuwa zinafungua vituo kwetu, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Wawili hao wakavuka Ziwa Albert, wakaingia kaskazini mashariki mwa Kongo, wakafika Niangara.

Alirudi Uingereza mara moja tu. Mwaka 1916 akaenda Kongo tena na hakutoka mpaka kufa. Priscilla alibaki akiendesha ofisi ya misheni kutoka kitandani, halafu Bwana akamwinua akawa anazunguka nchi nyingi kutafuta watenda kazi. Katika miaka yote hiyo waliyotengana, alifika Kongo mara moja, 1928, wakakaa wiki mbili. Mwaka uliofuata akafa. Akina mama waliosoma hapa watakuwa wanatingisha kichwa, na sina neno la kuwajibu. Yeye na Priscilla walikubaliana hivyo, lakini si mfano ninaotaka kumpa kijana anayeoa mwaka huu.

Ibambi, Wakongo walimwita Bwana Mukubwa. Nyumba yake ilikuwa ya mianzi na nyasi. Ibada ilianza alfajiri, watu wamekuja kutoka mbali kwa miguu, naye anaongoza nyimbo huku akipiga banjo. Banjo, wapendwa, ni chombo walichokitunga Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani, na kwa miaka mingi kilikuwa cha dansi na vichekesho. Sasa kiko Kongo mkononi mwa Mwingereza mzee kinamsifu Mungu kwa Kingwana, Kiswahili cha kule. Mimi kila ninapofika hapa nakumbuka obokano. Wazee wetu waliiacha kwa sababu nzuri. Lakini hatujawahi kuketi kuulizana kama ule mti na zile nyuzi zilikuwa na kosa gani. Alitafsiri pia Agano Jipya lote kwa Kingwana, kazi ya mtu mgonjwa aliyekuwa akiandika usiku.

Na kuna sehemu chungu. Studd alifanya kazi saa 18 kwa siku, na alitaka kila mmishenari afanye vivyo hivyo. Hakuna likizo wala siku ya mapumziko, na hakuna burudani. Chakula cha kawaida, nyumba ya udongo. Aliyechoka alionekana amepoa. Alianza pia kusema kwamba wengi wa Wakongo waliobatizwa hawajaokoka kwa kweli kwa sababu maisha yao hayajabadilika, na maneno yake yalikuwa makali. Wamishenari wengine wakaondoka. Alfred Buxton, yule kijana aliyevuka naye Ziwa Albert na baadaye kumwoa binti yake Edith, waliachana katika kazi. Aliandika kijitabu kikali kilichowaudhi Wakristo wengi Uingereza. Daktari alimpa mofini kwa maumivu yake, na ikawa jambo lingine la kugombania. Mwishowe kamati ya nyumbani ikamwondoa katika misheni aliyoianzisha mwenyewe, muda mfupi kabla hajafa. Mkwe wake mwingine, Norman Grubb, ndiye aliyeishika kazi baada yake na kuiandika habari yake.

Watu wengi wakisimulia maisha ya Studd huikata sehemu hii. Nadhani ni kosa, kwa sababu ni jambo lilelile la kriketi limegeuka upande wa pili. Mtu aliyekubali kuacha mchezo kwa ajili ya Yesu alifika mahali pa kuwakataza wengine kupumzika kwa ajili ya Yesu, na watoto wake wa kiroho wakavunjika. Sabato Mungu aliiweka kabla ya orodha yoyote ya wanadamu. Yesu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike kidogo, kwa maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo.

Vijana wetu wameomba ruhusa ya kuunda timu ya mpira, na wengine wanataka kwenda Gusii Stadium Shabana ikicheza. Kuna wazee wanaosema hapana kabisa, na kuna wazazi wanaosema afadhali mpira kuliko kona ya miraa. Ningeomba tusitumie jina la Studd kama rungu upande wowote. Aliyetaka kumtumia kukataza mpira amkumbuke Kynaston, na India. Aliyetaka kumtumia kuruhusu kila kitu aikumbuke ile miaka sita. Mimi kwa upande wangu ningewauliza vijana swali moja tu: mechi ikiangukia Jumapili saa nne, mtakuwa wapi? Na wazee ningewauliza: kijana akitoka ibadani saa nane, mmemwandalia nini mpaka jioni?

Julai 1931 Studd aliugua tumbo kwa siku chache. Jumapili alikuwa amehubiri na kuimba pamoja na watu kwa saa nyingi. Alikufa tarehe 16, akiwa na umri wa miaka 70, akimsifu Mungu mpaka sauti ikaisha. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, umati mkubwa, Wakongo wakabeba jeneza lake na kumzika pale Ibambi. Uingereza, mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu ndugu yake Kynaston aketi kwenye kiti cha rais wa MCC. Kanisa la Ibambi lipo. Limepita katika vita vya mwaka 1964 ambavyo viliua wamishenari na waumini wengi wa eneo lile, na bado wanakusanyika, wanaimba kwa Kiswahili.